Tumechoka kugombania nusu inchi: tupimie nini badala ya futi?

Swali: Shikamoo mzee. Sisi ni vijana wanne hapa Tanga, tunacheza Frostgrave kila Jumapili jioni kwenye meza ya kulia chakula ya mama. Tunapima kwa futi ya chuma, ile ya fundi seremala. Hakuna mchezo unaoisha bila ugomvi: huyu anasema kisanamu chake kimefika, yule anasema bado nusu inchi. Futi yenyewe ikijirudisha inaangusha visanamu, na imeshakwaruza rangi ya viwili. Nimesikia ipo michezo isiyotumia futi kabisa. Tupimie nini? Na tukibadili, si tutakuwa tumeuharibu mchezo?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Nimelisoma swali lako nikacheka peke yangu, maana meza hiyo ya mama naijua hata kama sijawahi kuiona. Yangu ilikuwa jikoni kwa mwenzangu mmoja nilipokuwa nasoma Uingereza, na futi yetu ilikuwa ya mita tano, nzito kama nyundo. Siku moja kidole kiliteleza kwenye kizuizi, utepe ukarudi kwa kasi, ukamfagia mchawi wangu pamoja na mnara aliokuwa amesimama juu yake. Mchawi yule nilimpaka rangi kwa majuma mawili. Kwa hiyo ninayokwambia hapa nimeyalipia.

Kwa wasomaji wasioufahamu mchezo wenyewe, niseme machache. Frostgrave uliandikwa na Joseph McCullough ukatolewa na Osprey mwaka 2015. Kila mchezaji ana mchawi, mwanafunzi wa mchawi na askari wa kukodi, na wote wanaingia kwenye magofu ya jiji lililokuwa limefunikwa na barafu kutafuta hazina. Visanamu vina kimo cha milimita 28 hivi, kila kimoja kimesimama juu ya kitako cha duara. Meza haina nyumba kama za drafti. Kutembea, kurusha mshale, kumfikia adui, vyote hupimwa kwa inchi, na hapo ndipo kelele huanzia.

Kabla hujaitupa futi, ichukue mkononi uitazame. Shika kile kikulabu cha ncha ukivute. Kinacheza kidogo, sivyo? Wengi hudhani kimelegea kwa uchakavu. Hapana, kimetengenezwa hivyo makusudi: kinatoka na kuingia kwa kiasi cha unene wake chenyewe, ili fundi akikisukumia ukutani au akikining'iniza kwenye ukingo wa ubao, apate kipimo kilekile. Ni akili nzuri sana kwa seremala. Wewe husukumi wala huning'inizi, unauelekeza utepe hewani juu ya vichwa vya watu wako, na kile kichezo cha kikulabu kinageuka kuwa milimita ya bure ya kubishania.

Halafu kuna jicho. Utepe wa chuma umejikunja kwa upana wake ili usilegee, na kwa sababu hiyo haulali mezani. Unapita sentimita mbili tatu juu ya vitako. Anayetazama kutoka kulia anaona alama ya inchi 6 imeangukia ukingo wa kitako, anayetazama kutoka kushoto anaona imepita robo inchi. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanaapa.

Lakini mwizi mkubwa hakai ndani ya futi. Fanya jaribio hili Jumapili ijayo kabla hamjaanza. Weka kisanamu kimoja mezani, mwambie kila mmoja wenu kwa zamu akisogeze inchi 6, nawe uweke alama ya chaki pale kilipoanzia na pale kilipoishia. Nina hakika mmoja wenu, pengine wawili, ataweka ncha ya futi mbele ya kitako, atasoma 6, kisha atainua kisanamu na kukiweka *ng'ambo* ya alama. Kitako cha milimita 25 ni karibu inchi nzima. Huyo katembea inchi 7. Akifanya hivyo zamu tano, ameiba inchi tano za meza, na akiambiwa mwizi atalia kwa uchungu kwa sababu kweli hajui. Dawa yake ni sentensi moja tu: tunapima kutoka mbele ya kitako hadi mbele ya kitako, au nyuma hadi nyuma, kamwe si mbele hadi nyuma. Mkilishika hilo peke yake, hata kama mtabaki na futi yenu, nusu ya ugomvi umekwisha.

Sasa nusu nyingine. Futi yenu, kama ni ya kawaida yenye inchi, imegawanywa katika sehemu ya kumi na sita ya inchi. Kutoka sifuri hadi inchi 24 kuna mistari 384. Je, mchezo wenu unahitaji majibu 384? Tuhesabu unachokiuliza kweli. Askari wengi hutembea inchi 6. Shujaa mwenye deraya nzito hutembea 5, mbwa wa vita 8. Ukitembea mara ya pili katika zamu moja unapata nusu, yaani 3. Kupanda ukuta au kupita kwenye kifusi, kila inchi moja inakula mbili, kwa hiyo inchi 6 zako zinakufikisha 3. Anayebeba hazina naye anatembea nusu, tena ni 3. Askari wanaotaka kwenda pamoja na mchawi wao lazima wawe ndani ya inchi 3 kutoka kwake. Ukimkaribia adui ndani ya inchi 1, mnapigana. Mshale unafika inchi 24. Basi, karibu yote yako hapo. Mchezo una urefu sita hivi, na tatu inajirudia kama kiitikio.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuacha kupima na kuanza kulinganisha. Anayepima husoma namba, na namba husomwa vibaya. Anayelinganisha huweka kitu kando ya kitu: kimefika au hakijafika.

Kitu chenyewe ni kijiti. Wala si uvumbuzi wangu. Saga, mchezo wa Waviking na jamaa zao uliotolewa na Studio Tomahawk ya Ufaransa mwaka 2011, unachezwa kwa vijiti vinne tu: kifupi sana inchi 2, kifupi 4, cha kati 6, kirefu 12. Hakuna kanuni ndani yake inayokwambia usogee inchi 5 na nusu. Song of Blades and Heroes wa Andrea Sfiligoi, uliotoka 2007, unatumia vijiti vitatu. Katika michezo hiyo huwezi kusikia mtu akisema "inchi sita na kidogo", kwa kuwa hakuna mahali pa kuisomea hiyo "kidogo".

Vya kwenu vitengenezeni kwa vijiti vya mishikaki. Vinauzwa kwa fungu, vimenyooka, ni vyembamba kiasi cha kupenya kati ya kisanamu na ukuta, na kikimgonga mchawi hakimkwaruzi. Usivikate kwa koleo. Mwanzi hupasuka kwa urefu ukabaki na mgawanyiko kama wa mswaki. Zungushia wembe mahali pa kukata mpaka mfereji ushike, kisha vunja, halafu sugua ncha kwenye sakafu ya saruji hadi iwe bapa.

Hapa pana kosa ambalo nimeliona hata kwa watu wenye mikono mizuri kuliko yangu. Mtu anakata kijiti cha kwanza kwa rula, cha pili anakipima kwa kile cha kwanza, cha tatu kwa cha pili, na kuendelea. Kila kimoja kinarithi kosa la mzazi wake na kuongeza lake. Kijiti cha nane kimekuwa kirefu kwa milimita nne na hakuna ajuaye ilianzia wapi. Kata kimoja kwa uangalifu, kiite mama, kipake rangi yake, na vyote vingine vipimwe kwa mama peke yake. Mama hachezi, anakaa ndani ya sanduku.

Na huyo mama msimpime kwa rula ya shule kuanzia ukingoni. Rula nyingi za shule zina kipande kitupu kabla ya sifuri, milimita tatu hadi tano. Anzia kwenye mstari wa sifuri. Kama rula yenu ina sentimita tu, inchi 6 ni sentimita 15 na milimita 2 na ushee. Mkiamua iwe 15 kamili na inchi iwe sentimita 2.5, hakuna dhambi, mradi vijiti vyote vya mezani vifuate hesabu hiyo. Kwenye mshale wa inchi 24 mtapoteza sentimita moja, na mtaipoteza sawasawa.

Alama nazo. Kijiti cha inchi 6 kitie mfereji mdogo kwa wembe kwenye inchi 3, katikati kabisa, kisha kipake rangi ya kucha nyekundu. Mfereji mmoja huo unafanya kazi nne nilizozitaja: mwendo wa pili, kupanda, kubeba hazina na kumfuata mchawi. Tia mstari mwembamba wa rangi nyingine kwenye inchi 5 kwa ajili ya shujaa wa deraya. Mbwa apewe kijiti chake cha 8, mtaona jinsi watoto wa nyumba hiyo watakavyokipenda. Vijiti vya duara hubingirika mezani, kwa hiyo chonga kila kijiti kwa kisu hadi upande mmoja uwe bapa, au viunganishe viwili viwili kwa gundi. Mwenye rafiki anayechora mabango kwa mashine ya leza amwombe akate vipande vya pleksi, ile plastiki ngumu kama kioo, kutoka kwenye mabaki. Vinalala vizuri na unaona meza kupitia kwake. Mimi bado napenda mwanzi.

Inchi moja, ile ya kuingia vitani, haihitaji kijiti. Chukua kitako kitupu cha milimita 25. Kikipita kati ya visanamu viwili bila kugusa, hawajafikiana. Kisipopita, toa dadu. Inchi kamili ni milimita 25.4, na kama kuna mtu mezani kwenu anayetaka kuibishania hiyo nukta nne, mtafutieni mchezo mwingine. Wazo la kutumia kitako kama kipimo nalo lina wazee wake. DBA, kanuni za vita vya kale zilizoandikwa na Phil Barker mwaka 1990, leo hupima kila kitu kwa upana wa kitako, ambao kwa visanamu vya milimita 15 ni milimita 40. Jeshi lenyewe ndilo rula. Umesahau mfuko wako wa vipimo nyumbani? Chukua kikosi kilichokufa.

Kilichobaki ni mshale wa inchi 24, ambao mwanzi wa mshikaki haufikii. Hapo tumieni kamba, na kwa kamba tunarudi nyuma zaidi ya miaka mia. Mwandishi H. G. Wells alipochapisha kanuni zake za vita vya askari wa kuchezea, mwaka 1913, alitaka kila mchezaji awe na vipande viwili vya kamba, kimoja cha futi mbili, kingine cha inchi sita. Futi mbili ulikuwa mwendo wa wapanda farasi, nusu yake waendao kwa miguu. Inchi sita zilihusu mizinga: mzinga haukuruhusiwa kufyatua kama hauna angalau watu wanne wa upande wake ndani ya umbali huo. Tazama ilivyo: futi mbili ni inchi 24, na inchi sita ni sita. Vipimo vyenu vya Jumapili, mzee yule alikuwa navyo sakafuni kwake.

Kamba ina faida moja ambayo kijiti hakina, nayo ni kupinda. Askari anayezunguka kona ya nyumba hatembei kwa mstari ulionyooka, na kwa kijiti utapima vipande viwili, na mahali vinapoungana ndipo pa kuibia. Kamba unailaza njiani na kuifuata. Ubaya wake ni kwamba inavutika. Nyuzi za nailoni ni waongo wakubwa: vuta kidogo, umepata inchi. Wewe uko Tanga, najua umeshafikiria katani, lakini kamba ya katani iliyosokotwa hunywa unyevu, huvimba na kufupika, kwa hiyo kipimo cha kiangazi hakitakuwa kipimo cha masika. Tumia uzi mnene wa pamba, uusugue na mshumaa ili usifumuke, funga mafundo ya ncha zote mbili *kwanza*, kisha pima na ukate mikia. Anayepima kwanza na kufunga baadaye hupoteza kila kitu ambacho fundo limekula. Tunga shanga moja kwenye inchi 12 ukitaka kujua nusu ya njia.

Futi ya fundi cherehani, ile laini, ni ndugu wa kamba. Haikwaruzi, ina namba, na hugharimu kidogo. Ila hulegea ikizeeka, na ikiwa imelala vibaya na mawimbi mawili matatu, mshale wako utaonekana umefika mbali kuliko ulivyofika. Kwa mshale inafaa mkiivuta vizuri pande mbili. Kwa mwendo, hapana.

Wazee wetu walipima kwa mwili: wanda, shubiri, dhiraa kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Kipimo hicho hakisahauliki nyumbani, lakini nani asiyetaka kununua kitambaa kwa mkono wa shemeji yake mrefu? Nalitaja kwa sababu vijana wengi wakitengeneza vijiti kila mmoja hujitengenezea vyake na kuja navyo. Tayari mmerudi kwenye mikono ya shemeji. Vijiti viwe seti moja ya meza, katikati, kila mtu achukue hapo hapo. Hata kama vimekosea, vimekosea kwa wote.

Umeuliza pia kuhusu michezo isiyotumia futi kabisa. Ipo, tena mingi, nami nitakupitisha haraka, kwa kuwa sidhani kama mnahitaji kuhama.

Kundi la kwanza ni la violezo. X-Wing, mchezo wa vyombo vya anga uliotolewa na Fantasy Flight Games mwaka 2012, una vipande 11 vya kuongozea mwendo: vitano vilivyonyooka, vitatu vya kupinda kidogo, vitatu vya kupinda sana. Unachomeka kipande mbele ya kitako cha chombo, unainua chombo, unakiweka kwenye ncha ya pili. Hakuna kusoma chochote. La kufurahisha ni kwamba wizi ule wa mbele hadi nyuma nilioulalamikia, hapa umehalalishwa. Kipande kifupi kabisa kina milimita 40, na kitako cha chombo kidogo kina milimita 40, kwa hiyo pua ya chombo inasogea milimita 80. Chombo kikubwa chenye kitako kirefu zaidi hufika mbali zaidi kwa kipande kilekile. Watunzi walilijua, wakaliacha, na kila mchezaji analipata sawa. Kabla yao Wings of War wa Waitalia Andrea Angiolino na Pier Giorgio Paglia, mwaka 2004, ulikuwa umeshafanya hivyo kwa kadi zenye mshale. Na Gaslands wa 2017 unatumia vigari vya kuchezea vya watoto, vile vidogo vya chuma, pamoja na violezo unavyoweza kukata kwenye manila. Huo mnaweza kuujaribu bila kununua kisanamu hata kimoja. Kwa Frostgrave, hata hivyo, violezo havina kazi. Ndege na gari haviwezi kugeuka papo hapo, ndiyo maana njia yao inahitaji umbo. Mtu anageuka anavyotaka.

Kundi la pili ni la miraba. Hili ni kongwe kuliko yote: mwaka 1780 Johann Hellwig wa Braunschweig, Ujerumani, alitengeneza mchezo wa vita uliotokana na sataranji, wenye miraba 1,617. Miaka 44 baadaye ofisa mmoja wa Prussia, ufalme wa Kijerumani wa zamani, aitwaye Reisswitz, akawachezesha maofisa wenzake bila miraba, juu ya ramani ya kipimo cha 1:8000 kwa rula na bikari. Tangu hapo watu wamekuwa wakienda na kurudi kati ya mawazo hayo mawili, na sioni dalili ya kutulia.

Tatizo la mraba ni mshazari. Ukihesabu hatua ya kona kuwa moja, anayekwenda kwa mshazari anapata njia ndefu kwa asilimia 41 kuliko anayekwenda moja kwa moja. Pembesita zinalipunguza, kwani majirani wote sita wako mbali sawa, lakini hata humo ukielekea upande wa pembe unapoteza kama asilimia 13 ya hatua zako kwa kupiga zigizaga. BattleTech, tangu 1984, imeishi vizuri na pembesita zake za mita 30, na Blood Bowl haiwezi kufikirika bila miraba. Ukitaka miraba bila meza kufanana na daftari la hesabu, fanya wanavyofanya wengi wanaocheza To the Strongest!: usichore mistari, weka nukta au kijiwe kwenye kona tu za kila mraba. Jicho linaunganisha lenyewe. Lakini mchezo wenu umejaa ngazi, kuta zilizobomoka nusu na madirisha. Kila ukuta utakatiza mraba katikati, na badala ya kubishana juu ya nusu inchi mtabishana juu ya nusu mraba. Hamjapata kitu.

Na kuna Crossfire wa Arty Conliffe, 1996, vita vya pili vya dunia, ambao haupimi chochote. Nilipousikia mara ya kwanza nilidhani ni utani. Kikosi chako kinatembea kutoka kichaka hadi ukuta, kutoka ukuta hadi nyumba, umbali wowote, na kinaendelea hivyo mpaka mwenzako atakapokiona na kukipiga na mambo kukuharibikia. Hapo nafasi ya kucheza inahamia kwake. Risasi nayo inafika popote inapoonekana. Kinachozuia mwendo ni macho ya adui. Inafanya kazi, na inafanya kazi vizuri ajabu, kwa sharti moja: meza ijae vizuizi. Meza yenye nyumba mbili na mti mmoja itaisha ndani ya dakika kumi. Chezeni siku moja, hata kwa askari wa plastiki wa sokoni. Mtarudi kwenye Frostgrave mnatazama kuta zenu kwa jicho jingine.

Kabla sijafika kwenye swali lako la mwisho, kuna jambo ambalo hakuna kijiti kitakacholitatua, nalo ni kusema nia. Kijana anamsogeza mpiga upinde wake nyuma ya ukuta, hasemi kitu. Zamu ya pili mwenzake anainama, anafumba jicho moja: "Naona kiwiko chake." Basi, vita vya kiwiko vinaanza. Ungesema pale pale unapomweka, "Namweka hapa asionekane na huyo wako wa mnarani, sawa?", mwenzako angeinama *wakati huo*, mngemrekebisha milimita mbili pamoja, na jambo likaisha kabla ya kuwa jambo. Kwa kuangalia nani anamwona nani, uzi ulionyooshwa kutoka kichwa hadi kichwa unatosha. Wapo wanaotumia tochi ya leza. Haina shida, mradi isimulike macho ya mtu.

Mtaulizana pia kama ni halali kupima kabla ya kuamua. Zamani wengi walikataza. Mmarekani Fletcher Pratt, aliyechezesha vita vya manowari sakafuni huko New York katika miaka ya 1930, alifanya makadirio kuwa mchezo wenyewe: unalala kifudifudi, unatazama manowari ya adui, unaandika inchi unazodhani, kisha ndipo hupimwa. Ni raha kweli. Warhammer nao kwa miaka mingi ulikuwa na mizinga ya kukisia, hadi toleo la nane la 2010 liliporuhusu kila mtu apime wakati wowote. Maoni yangu ni kwamba mruhusu. Makadirio humpa ushindi mwenye jicho la useremala, na mkikataza kupima mapema, kila mtu atapima kwa ujanja: atalaza kiganja mezani, atahesabu vigae vya sakafu, ataegemeza mkono wake ambao anaujua urefu wake. Mimi mwenyewe nilijua kwamba kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati nina inchi saba na nusu, na nilikuwa naegemea sana.

Je, mtaharibu mchezo? Mtauharibu kwa njia moja tu, nayo ni tamaa ya kurahisisha kupita kiasi. Mtu atasema, "Tano na sita ni karibu, tuwe na kijiti kimoja." Msikubali. Shujaa mwenye deraya anatembea 5 kwa sababu deraya ni nzito. Hiyo inchi moja ndiyo bei ya ngozi yake ngumu. Mkimpa 6, kila mtu atamkodi yeye na hakuna atakayemtazama askari wa kawaida. Mbwa naye akishushwa hadi 6, amekuwa askari dhaifu anayebweka. Zaidi ya hapo, kanuni haziulizi kama inchi yako imetoka kwenye chuma au kwenye mwanzi.

Anzeni na seti ndogo: vijiti vinne vya 6, kimoja cha 8, kamba moja ya 24, vitako viwili vitupu. Ni kazi ya jioni moja, na kukauka kwa rangi ya kucha kumo humo. Futi ya chuma mrudishie mwenyewe. Na vile vijiti mkishavipaka rangi, vifungeni kwa mpira ndani ya sanduku la visanamu, mbali na jikoni, mama asije akavichomekea nyama.